Swali la Mjomba na Pioni za Dhahabu

Nyumbani kwetu Ifakara kuna swali linalotangulia maswali yote: kinasaidia nini? Leta mbegu mpya ya mpunga, nunua baiskeli ya gia, mpeleke mtoto shule ya bweni. Wa kwanza kukutana naye atakuuliza hilo kabla hajauliza bei. Silicheki swali hili. Bonde la Kilombero limelilipia. Masika yakikolea na mto ukavunja kingo, mtu lazima ajue upesi kipi anakibeba kichwani na kipi anakiacha kiende na maji. Nimelelewa nalo, na kwa miaka mingi nililitumia kupimia kila kitu: masomo, kazi, hata wachumba.

Ninachokuja kushuhudia hapa ni jinsi nilivyoacha kulisimamisha mlangoni kama askari. Kilichoniachisha ni pioni, chembe inayozaliwa viini viwili vizito vya atomi vinapogongana kwa kasi kubwa. Najua msomaji wa kwetu keshakunja uso. Avumilie, nitafika. Ila Ifakara huwezi kusimulia habari ya sayansi bila kuanzia kwa mbu.

Mwaka 1957 Rudolf Geigy, mwanabiolojia kutoka Basel, Uswisi, alifungua Ifakara maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya tropiki, nayo ndiyo iliyokua hadi ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu hapo watu wa bonde hatujapumzika. Tumetoa damu, tumejibu madodoso, nyumba zetu zimepigwa namba. Watoto wa Idete walichomwa chanjo ya majaribio ya SPf66, na matokeo yalipochapishwa mwaka 1994 kinga yake ilionekana kuwa kama asilimia 31; majaribio ya kwingineko hayakuiunga mkono, ikaachwa. Mwaka 1996 ukaja mradi wa KINET wa kusambaza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga, na huo ulishika. Vifo vya watoto wadogo vilipungua, dunia ikaja kujifunza kwetu. Ukiuliza kinasaidia nini, jibu lilikuwa linaning'inia juu ya kitanda chako.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwamo humo. Kwa misimu kadhaa alikuwa mkamata mbu. Kazi yenyewe iko hivi: saa moja jioni unakaa kwenye kigoda, suruali umeikunja hadi magotini, tochi mkono mmoja, mrija wa kunyonyea mkono wa pili. Mbu akitua mguuni, kabla hajazamisha mdomo, unamulika, unamnyonya akaingia mrijani, kisha unampulizia kwenye kikombe cha karatasi kilichofunikwa kwa kipande cha chandarua. Dakika 50 kazi, dakika 10 mapumziko, hadi alfajiri, kila saa na kikombe chake. Walipewa dawa za kinga, na mtu akiumwa alitibiwa. Mjomba hujigamba hadi leo kwamba vyandarua vya wilaya mbili vimefumiwa kwenye miguu yake.

Mimi kibarua nilikipata baada ya kidato cha sita, nikisubiri chuo. Zamu za miguu wazi hazikunihusu, nilikuwa mchambuzi. Mtego wa taa hutundikwa usiku upande wa miguuni pa mtu aliyelala ndani ya chandarua. Mbu anakuja kumtafuta mlalaji, anaona taa, feni ndogo ya betri inamvuta ndani ya mfuko. Asubuhi mifuko inaletwa, inalazwa kwenye friza mpaka mbu wafe, kisha wanamwagwa kwenye trei nyeupe. Hapo ndipo macho yanapoanza kuuma. Kwa kibano na hadubini unamtenga kuleksi mwenye vipapasio vifupi na anofelesi mwenye vipapasio virefu sawa na mdomo wake. Dume unalijua kwa manyoya ya kichwani. Halafu unaingia ndani zaidi: funestus, mdogo, mweusi, na kundi la gambiae lenye miguu ya madoadoa. Ndani ya kundi hilo la pili, arabiensis na gambiae wenyewe hawatofautishiki kwa jicho hata uwe mkongwe wa kazi. Inabidi kipande cha mbu kiende maabara kupimwa vinasaba. Kila mmoja anaandikwa kwenye fomu. Mbu mia tatu kabla ya chai ni jambo la kawaida.

Wakati fulani nikaona namba zinakataa. Nyumba zile zile, kijiji kile kile, wiki ile ile. Mitego ya taa ilileta uwiano mmoja wa funestus na arabiensis, miguu ya watu ikaleta mwingine. Nikamuuliza dada aliyekuwa akitusimamia, namba ipi ya kweli?

"Zote ni namba za mtego," alisema. "Za mbu wenyewe bado hatuna."

Akanikalisha akanieleza. Kila mtego una upendeleo wake. Huu unawavuta hawa zaidi, ule unawakosa wale. Anayetaka kuwajua mbu wa kijiji sharti aujue mtego kwanza. Tena kuna sisimizi. Usipoipaka grisi kamba ya mtego, watashuka usiku wakala nusu ya ushahidi, na asubuhi fomu yako itasema kijiji kimepona. "Usiandike ulichotarajia," ndilo lililokuwa neno lake la kila siku, hadi tukawa tunamwigiza akigeuka.

Katika vijiji vya bonde letu funestus mara nyingi ni wachache kuliko arabiensis, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kwamba wao ndio wanaobeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi ya malaria. Kujua hilo kulinipa raha, na raha yenyewe nikaifungia stakabadhi: inasaidia kupanga mapambano. Wakati huo sikujua kwamba mtu anaweza kuona raha ya kujua akaiacha bila stakabadhi.

Chuo kikuu nilisoma fizikia na hisabati, kisha nikapata ufadhili wa shahada ya pili Ujerumani. Nilikwenda na mpango uliokaa vizuri mdomoni: fizikia ya tiba, nirudi hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, niwe miongoni mwa wanaopanga mionzi ya wagonjwa wa saratani. Mama alilisema hilo kanisani, watu wakapiga makofi. Muhula wa kwanza palikuwa na kozi ya fizikia ya viini ambayo huwezi kuikwepa, na zoezi lake kubwa lilikuwa jedwali la pioni.

Pioni ilitabiriwa mwaka 1935 na Mjapani Hideki Yukawa, aliyekuwa akitafuta kinachozishikamanisha protoni na nyutroni ndani ya kiini cha atomi. Ikasakwa kwa miaka 12. Mwaka 1947 kundi la Cecil Powell wa Bristol, wakiwemo Mbrazili César Lattes na Mwitaliano Giuseppe Occhialini, lilizikuta nyayo zake kwenye sahani za picha zilizoachwa juu ya milima: Pic du Midi nchini Ufaransa, halafu Chacaltaya nchini Bolivia, zaidi ya meta 5,000 kutoka usawa wa bahari. Mwaka uliofuata Lattes na Eugene Gardner wakaizalisha kwa mashine huko Berkeley, Marekani, kwa kurusha viini vya heli vigonge kaboni. Kwa hiyo tangu mwanzo kuna njia mbili za kuipata: ungoje anga ikuletee, au ugonganishe viini mwenyewe.

Ni chembe isiyokaa. Ile yenye chaji, iwe chanya au hasi, ina uzito wa takribani mara 273 ya elektroni na huishi kwa wastani nanosekunde 26, yaani sehemu 26 za sekunde iliyokatwa vipande bilioni moja. Kisha hugeuka chembe nyingine mbili, muoni na nyutrino. Ile isiyo na chaji hufa mapema zaidi, haifiki popote.

Jedwali langu lilitoka Darmstadt, kwenye kituo cha GSI kilichoanzishwa mwaka 1969, ambako kuna mashine ya kuharakisha viini vizito. Mwaka 2012 kikundi cha jaribio liitwalo HADES kilirusha viini vya dhahabu kwa mwendo unaofikia asilimia 90 ya mwendo wa mwanga, vikagonge dhahabu nyingine: vipande 15 vyembamba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Wakarekodi migongano kama bilioni saba. Viini viwili vikivaana uso kwa uso, kwa muda ambao hauna jina katika lugha ya nyumbani, mata yake hubanwa mara mbili au tatu kupita kawaida na joto hufika kama digrii bilioni 800. Protoni au nyutroni iliyogongwa vya kutosha huvimba ikawa chembe nzito zaidi iitwayo delta, na delta ikipasuka hurudi ilivyokuwa na kutema pioni.

Hapa ndipo penye utamu, naomba tusipite mbio. Dhahabu ina protoni 79 na nyutroni 118. Nyutroni mbili zikigongana na kutoa pioni moja yenye chaji, pioni hiyo haina budi kuwa hasi. Protoni mbili zikigongana, itakuwa chanya. Kwa kuwa nyutroni ni nyingi, pioni hasi lazima ziwe nyingi. Katika migongano ya uso kwa uso HADES walipata hasi kama 17 kwa chanya 9 hivi. Hesabu ya delta unayoweza kuifanya kwa kalamu, ukijua tu idadi ya protoni na nyutroni, inakupa uwiano unaokaribia mbili; kipimo kikasema moja nukta nane na ushei. Kilichomo kwenye hiyo tofauti ndicho watu wanachokifukuza. Uwiano wa hasi kwa chanya unabeba habari za namna mata yenye nyutroni nyingi inavyokataa kubanwa. Japani, kwenye kituo cha RIKEN, waligonganisha bati lililojaa nyutroni kupita kawaida kwa sababu hiyo hiyo, matokeo yakachapishwa mwaka 2021.

Na mata ya namna hiyo iko mbinguni kwa wingi. Nyota ya nyutroni ni mzoga wa nyota kubwa, uzito unaozidi wa jua letu umebanwa ndani ya upana wa kilometa 25 hivi. Tarehe 17 Agosti 2017, saa tisa na dakika 41 alasiri kwa saa za Ifakara, mitambo ya Marekani na Italia ilinasa mtikisiko wa nyota mbili za aina hiyo zikivaana. Nuru iliyofuata ilionesha kwamba kwenye migongano kama hiyo elementi nzito hutengenezwa, dhahabu ikiwa mojawapo. Sijui sonara wa Dar es Salaam angesema nini akiambiwa.

Turudi kwenye jedwali. Matokeo ya pioni ya HADES yalichapishwa mwaka 2020, na ndani yake kulikuwa na sentensi iliyonifanya niache kikombe cha chai kipoe. Hapo hapo Darmstadt, kwa mashine ile ile, jaribio lililotangulia liitwalo FOPI lilikuwa limeshapima pioni za dhahabu kwa dhahabu kwa nishati ya karibu. HADES walipata chache kuliko FOPI, pengo la sigma mbili na nusu. Kwa wanaohesabu, sigma mbili na nusu ni balaa la katikati: kubwa mno kulipuuza, dogo mno kutangaza ushindi. Juu ya hapo, programu tano za kuigiza mgongano, zilizoandikwa na mabingwa, hazikukubaliana na kipimo. Zilielekea kutoa pioni zaidi ya zilizohesabiwa.

Kijiji kimoja, mitego miwili. Nilicheka peke yangu maktabani. Nikaisoma makala yote, kurasa za kuchosha ambazo wenzangu waliziruka: kitambuzi kinaziona pioni za pembe zipi na kuzikosa zipi, zile za mwendo mdogo zinapotelea wapi, dosari ya kila kifaa imekadiriwa vipi. Ilikuwa sauti ya dada yetu wa trei nyeupe, imeandikwa Kiingereza na kujaa alama za Kigiriki. Niliusoma ukurasa mmoja mara ya pili kwa raha tupu, na nilipoinua kichwa nikagundua sijajiuliza kinasaidia nini. Tangu nipate akili, ilikuwa mara ya kwanza.

Ningependa kusema nilibadilika siku hiyo. Mambo hayaendi hivyo. Nilirudi bwenini nikajihisi kama mtu aliyekula nauli ya ukoo.

Kilichonimalizia kilikuwa kitu kingine, tena cha kuudhi. Swali la nyumbani lilinifuata Ujerumani, limevaa koti. Kwenye mikusanyiko ya wanafunzi, Mjerumani niliyekaa naye dawati moja akieleza anachosoma, watu humuuliza: umepata nini? Ikifika zamu yangu, kazi ile ile, jedwali lile lile, huniuliza: ukirudi, utaitumiaje kuisaidia nchi yako? Walikuwa watu wema, wengine walishaishi Afrika na kuipenda. Lakini nililihesabu swali hilo kama nilivyofunzwa kuhesabu, na halikumwendea mwenzangu hata mara moja. Yeye aliruhusiwa kuwa na udadisi, mimi nilitakiwa kuwa na mradi. Nyumbani swali la mjomba linamwangukia kila mtu, tajiri na maskini, ndiyo maana halidhalilishi. Kule lilichagua uso.

Hapo nikafungua daftari na kuandika, kwa Kiswahili, kwamba mtu wa Ifakara hana deni la kuilipia akili yake kila anapoitumia. Nimeliacha hivyo lilivyo. Bado naliamini.

Jibu rahisi lilikuwepo, na wenzangu wa Dar es Salaam walinishauri nilishike: saratani. Lina ukweli wa kutosha kupitisha mtu getini. Pioni hasi zilishawahi kutumika kutibu. Los Alamos, Marekani, walitibu wagonjwa kwa pioni kati ya 1974 na 1982. Uswisi na Kanada nao wakajaribu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wazo lilikuwa zuri: pioni hasi hupunguza mwendo ndani ya mwili, husimama kwenye uvimbe, humezwa na kiini cha atomi, na kiini hupasuka papo hapo. Mamia ya wagonjwa walipita. Matokeo hayakuishinda mionzi ya kawaida kiasi cha kuhalalisha gharama, majaribio yakafungwa. GSI wenyewe, kati ya 1997 na 2008, walitibu wagonjwa 440 kwa viini vya kaboni, na hiyo ilifaulu hadi ikajengewa kituo Heidelberg. Ni kazi ya heshima, lakini si yangu. Mimi sikuwa natibu mtu. Ningesema saratani, ningekuwa nimeijaza fomu kwa nilichotarajia wasikilizaji wangu wakipende.

Hata fizikia ya nyuklia yenye matunda ya karibu tunayo, sihitaji kuazima. Ndorobo wa Unguja walimalizwa kwa madume waliofugwa Tanga, wakahasiwa kwa mionzi na kumwagwa kwa ndege kati ya 1994 na 1997. Mfugaji wa Zanzibar hapigi tena hesabu ya maradhi ya nagana. Anayependa kazi ya namna hiyo aifanye, na Mungu ambariki. Nilichokataa ni kuitumia kama kitambulisho cha kuingilia kwenye chumba changu.

Barua ya kubadili mwelekeo wa masomo niliiandika kwa aya mbili. Mama nilimpigia simu. Alinyamaza, akauliza kama nitakuwa na kazi. Nikasema sijui. Akasema basi nenda ukamwambie mjomba wako mwenyewe, mimi simo.

Mjomba siku hizi anaishi Lupiro, ng'ambo ya mto. Zamani ungesubiri kivuko ukiangalia viboko. Sasa unapita darajani kwa bodaboda na upepo unakutoa machozi. Nilimkuta barazani, mguu umewekwa kwenye kigoda, ule ule wa kihistoria.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nasikia umeacha udaktari wa mionzi."

"Nimeacha."

"Na hicho ulichokishika kinasaidia nini?"

"Hapa Lupiro, hakuna. Pengine hata kwingine, kwa sasa."

Mkewe, nimwitaye shangazi, alikuwa analeta wali na kambale wa nazi. Alisimama na sinia mkononi kuangalia kitakachotokea. Mjomba akanawa. Akala matonge mawili matatu.

"Sasa mchana kutwa mnafanya nini huko?"

"Tunahesabu, mjomba."

"Nini?"

"Vitu visivyoonekana kwa macho. Aina mbili."

Nikaona mabega yake yanageuka upande wangu. Akataka kujua mtego ukoje. Nikamweleza kwamba kuna sumaku kubwa yenye sehemu sita, kuna vyumba vya gesi vyenye maelfu ya nyaya nyembamba. Pioni ikipita, gesi inachubuka, waya unatoa ishara, na alama zikiunganishwa unaipata njia yake. Chanya inapindwa huku, hasi inapindwa kule.

"Kwa hiyo zinajitenga zenyewe," akasema. "Hamna hadubini. Hamna kibano."

"Hamna."

"Mnakula bure. Zipi nyingi?"

Nikamwambia hasi, 17 kwa 9, nikamweleza habari za protoni 79 na nyutroni 118. Alitaka kujua dhahabu hiyo ilinunuliwa na nani. Nikasema serikali. Akatikisa kichwa, sikujua ni kwa heshima au kwa masikitiko.

Shangazi ndiye aliyeuliza kama vitu hivyo vinadhuru na kama viko huko tu. Nikamwambia viko hapa pia. Kutoka angani huja viini vya atomi usiku na mchana, vingi protoni, vingine heli, vichache vizito hadi chuma, vinagonga hewa kilometa 15 au 20 juu ya bonde hili, na pioni huzaliwa huko huko. Zenyewe hazifiki chini. Watoto wake, muoni, ndio hufika. Kila sentimeta ya mraba hupitiwa na mmoja hivi kwa dakika. Ukikinga kiganja, ni kama mmoja au wawili kila sekunde.

"Na chandarua?" akauliza shangazi.

"Havizuiwi na chandarua. Wala bati. Mwili umezaliwa umevizoea."

Aliutazama mkono wake wa kulia uliojaa wali, akaendelea kula. Mjomba hakuwa nasi tena. Alikuwa ameshika kitu kingine.

"Umesema pioni yenyewe haifiki chini."

"Haifiki. Inaishi muda mfupi mno."

"Sasa hizo zenu za Ujerumani. Kutoka zinapozaliwa mpaka kwenye mtego ni mbali?"

"Kama meta mbili."

"Hazifi njiani?"

Nilinawa mkono ndipo nijibu, maana swali hilo ni la mtihani na nimeona wanafunzi wa shahada wakilikosa. Zinakufa. Kwa mwendo wa wastani, katika meta mbili hizo, kama moja kwa kumi inageuka muoni kabla ya kufika mwisho wa kitambuzi, na muoni anafanana nayo kiasi cha kupotosha. Tunazirudisha kwa hesabu: tunajua maisha yake, tunajua mwendo wake, tunajua umbali, tunaigiza migongano kwenye kompyuta na kuona ngapi zingepotea, kisha tunaongeza.

"Sisimizi," akasema mjomba.

"Ndiyo, mjomba. Sisimizi."

Nikamweleza na habari za mitego miwili ya Darmstadt, FOPI na HADES, na pengo lao. Hilo alilisikiliza bila kutafuna. Aliuliza kama ni watu wale wale waliohesabu, nikasema hapana. Kama taa ni ile ile. Nikasema mashine ya kurushia ni ile ile, vitambuzi ni tofauti, nishati zimepishana kidogo. Aliuliza nani kati yao hakupaka grisi. Nikasema hakuna aliyeonekana na kosa, kila mmoja ameandika dosari zake hadharani, na ndiyo maana nimeishika kazi hii. Mwaka 2019, nikaongeza, HADES walirudi wakagonganisha fedha kwa fedha.

"Fedha?" Aliushusha mguu kwenye kigoda. "Fedha ni kijiji kingine. Warudie dhahabu, usiku ule ule, nyumba ile ile. Waambie nimesema mimi."